Dakika Kumi na Saba

Kutoka banda la kukatia manyoya hadi mtoni
ni dakika kumi na saba kwa pikapu ya Nibaldo,
gia ya pili, kioo cha kushoto hakifungi.
Alipima kwa saa ya mkononi, akarudi, akasema:
"Basi. Wimbo utakuwa mrefu hivyo."

Huku ni Aysén, kusini ya kusini ya Chile,
ramani inapochanika vipande vipande.
Hakuna studio. Kuna mabati, kuna kondoo,
kuna jenereta linalokohoa mafuta yakifika robo.
Tulitundika magunia ya manyoya ukutani kuua mwangwi,
na hadi leo gitaa la Nibaldo linanuka shahamu.

Mimi sikupiga chochote. Nilivaa hedifoni,
nikawa sikio la watu watatu.

Yésica alianza peke yake,
ngoma ya mguu, taratibu,
kama jiwe linalofikiri kabla ya kuporomoka.
Kisha likaporomoka.
Kisha mlima mzima ukakumbuka kuwa nao una miguu.
Nibaldo akaingia na noti moja,
akaiburura, akaichubua,
akaiacha ivuje damu kwenye spika
mpaka ikawa pana, pana kuliko banda,
nami nikaona, naapa, macho nimeyafumba,
nyika ya nyasi za manjano ikilalia upande mmoja,
barafu ya kale ikipasuka buluu huko juu,
kondori ananing'inia pasipo kamba.

Dakika ya tisa upepo ukaingia.
Hatukuupanga. Uling'oa bati moja
ukapiga mluzi ndani ya maikrofoni.
Nikainua mkono tusimamishe.
Odilio akatikisa kichwa, akafungua kinywa,
na kilichotoka hakikuwa na maneno bado:
mngurumo wa kitu kilicho chini ya udongo
kinachoomba kupandwa upya.

Maneno yalikuja baadaye. Machache.
Vigogo vyeupe, vigogo vyeupe,
nani aliwasha?

Kila mtu bondeni anajua nani aliwasha.
Babu yangu Artemio, miaka kumi na sita, kiberiti mfukoni,
kwa kuwa serikali ilisema ardhi ni ya atakayeisafisha.
Msitu wa milenga uliwaka mpaka theluji ikauzima.
Sasa ni miaka sabini, na vigogo vingali vimesimama mteremkoni,
vimekufa, havijaanguka,
kama mifupa ya samaki aliyeliwa upande mmoja.

Kampuni ya Santiago iliandika: kazi nzuri,
ila ufupishwe, dakika tano zatosha.
Nibaldo akajibu: fupisheni bonde kwanza.
Tukachapisha santuri mia mbili kwa pesa za manyoya.

Moja nilimpelekea babu.
Sikio lake la kulia limekufa; akageuza la kushoto,
akaweka kikombe cha chai chungu juu ya spika,
na chai ikaanza kutetemeka.
Nilingoja aseme ni kelele.
Padri alisema hivyo. Mwalimu naye, kwa adabu zaidi.
Babu hakusogea.
Sindano ilipofika mwisho ikabaki ikikwaruza utupu,
na hapo ndipo aliponena:
"Upepo wenu mdogo.
Siku ile ulikuwa mgongoni mwangu, ukinisukuma."

Akanywa chai iliyopoa.

"Na ndege. Hamkuweka ndege.
Walikuwa wakiruka huku wanawaka."

Sikumuuliza kitu. Nilirudisha santuri kwenye jalada lake,
lile jalada jeusi lisilo na picha,
nikaendesha usiku, gia ya pili, baridi ikiingia kushoto,
nikawakuta bandani, nikawaambia neno kwa neno.

Nibaldo alitoka nje.
Odilio aliangalia viatu vyake.
Yésica alikuwa ameshakaa nyuma ya ngoma,
vijiti ameviweka chini,
akigusa toazi kwa ncha ya ukucha,
anatafuta kitu kidogo,
chepesi,
chenye mabawa.